Maswali yenu ya thrashi metali: sikilizeni mkono wa kulia

Wiki iliyopita niligusia albamu za thrashi, ile roki nzito ya kasi, kwa mistari mitatu tu nikidhani hakuna atakayesoma, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa, nyingine za matusi (hizo nimezipenda zaidi), nimechagua hizi chache tuzijibu.

Mkuu heshima kwako, mi ni mtu wa bolingo toka utoto. Hiyo thrashi ni nini haswa? Nikisikiliza naona kelele tu na mtu anapayuka.

Mtu wa bolingo ndo rahisi kuliko wote kumwelewesha maana sikio la gitaa tayari unalo. Kosa lenu ni kuanza na mwimbaji. Achana naye kabisa, mwache ajipayukie, we msikilize mpiga rithim, tena mkono wake wa kulia. Kwenye bolingo rithim anamtengenezea solo njia, huku ni kinyume, rithim ndo bosi na wengine wote mpaka dramu wanamfuata yeye. Jamaa analaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, karibu na pale zinapofungiwa, sauti isisambae, ife palepale, afu anachapa kwa kasi unapata mlio mkavu mzito kama mtu anatwanga kitu kwenye kinu kwa hasira. Na wengine kama James Hetfield wa bendi ya Metallica wanachapa kwa kushuka tu, chini chini chini, hakuna kupandisha, ukipanda unapiga hewa. Niliwahi kuazima gitaa la jirani nikajaribu, nusu dakika mkono ukaniganda nikamrudishia gitaa lake kwa adabu.

Kile kipande kinachojirudia kinaitwa rifu, na wimbo mmoja unaweza kubeba rifu sita saba zimeungwa, unafika ya tatu hukumbuki ulianzia wapi. Dramu nayo haikai nyuma, miguu miwili yote inakanyaga kama fundi cherehani mwenye tenda ya sare wiki ya kufungua shule.

Asili yake ni vijana wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 80, California hasa na New York, waliopenda bendi za Uingereza kama Diamond Head na Motörhead, wakachanganya na kasi ya panki, ile roki ya fujo na nyimbo fupi. Redio hazikuwataka, basi wakawa wanadabu kaseti na kutumiana kwa posta. Metallica walijulikana hivyo na kaseti yao ya majaribio ya 1982, albamu ya kwanza, Kill 'Em All, ikaja 1983.

Nianze na albamu ipi? Moja tu usinipe orodha.

Master of Puppets ya Metallica, 1986. Walirekodi Copenhagen, nyimbo 8, karibu dakika 55. Sababu yangu sio umaarufu, ni kwamba hii inakufundisha kusikiliza. Wimbo wa kwanza unaanza na magitaa ya kawaida yasiyo na umeme, taratibu kabisa, unajisemea mbona pole, afu ghafla ukuta unakuangukia. Wimbo wa pili, ndo wenye jina la albamu, unakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, ukifika katikati unasimama, magitaa mawili yanaanza kuimba pamoja kwa upole hadi unaweza kulia, afu hasira inarudi polepole ngazi kwa ngazi. Hapo utaelewa kasi peke yake haina maana bila mahali pa kupumua, na nyie watu wa bolingo hili mnalijua, wimbo unatembea, unatembea, afu sebene. Tofauti ni kwamba sebene likishaingia huwa halitoki, hawa jamaa wanaingia na kutoka.

Na ukisikiliza tafuta besi ya Cliff Burton, ndo aliyewaletea habari za kupanga sauti. Ilikuwa albamu yake ya mwisho, Septemba mwaka huohuo basi lao lilipinduka Sweden akafariki, ana miaka 24.

Kaka, Reign in Blood ya Slayer wanaisifia sana lakini ni dakika 29 tu! Si wametuibia?

Mi naona wametupunguzia mateso, hahaha. Nyimbo 10 kwa dakika 29, hakuna pa kupumua, yaani yote niliyosema hapo juu kuhusu kupumua hawa wameyatupa na bado imekubali. Prodyuza alikuwa Rick Rubin, mtu wa hip hop wa kampuni ya muziki ya Def Jam, na kazi kubwa aliyofanya ni kuondoa ule mwangwi ambao bendi nyingi za metali zilikuwa zinajipaka kama manukato, ndo maana kila pigo la mpiga dramu wao Dave Lombardo unalisikia limekauka liko mbele ya uso wako. Kwenye kaseti walirudia albamu nzima upande wa pili. Hapo nani kaibiwa?

Habari mwanangu. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, anasikiliza hizi nyimbo usiku, kuta kaweka picha za mafuvu. Huu si muziki wa shetani?

Shikamoo mama. Sikufichi, wapo wanaochezea picha za shetani na damu, Slayer wakiwa namba moja, ingawa mwimbaji wao Tom Araya ni Mkatoliki na hajawahi kulificha. Hiyo Reign in Blood ina wimbo kuhusu Mengele, yule daktari Mnazi wa Auschwitz, unaeleza ukatili wake waziwazi mpaka kampuni iliyotakiwa kuisambaza ikakataa ikabidi ichukuliwe na nyingine. Huo wa Mengele ukae naye muuongee, sio wa kusikiliza kimyakimya usiku.

Ila mama, sehemu kubwa ya thrashi inahusu vitu ambavyo hata wewe vinakuudhi. Wakati ule watoto wa Marekani walikua wakiambiwa bomu la nyuklia linaweza kushuka wakati wowote, kwa hiyo wanaimba vita, wanasiasa waongo, askari wanaotumwa kufa kwa ajili ya wengine. Wimbo wa Master of Puppets ni wa madawa ya kulevya, unga ndo unaongea, unamwambia mtu mi ndo bwana wako sasa. Mwulize kijana akutafsirie huo. Mafuvu yaache, yananifanya niwakumbuke vijana wenzangu.

Nimepakua ...And Justice for All, besi siisikii kabisa. Earphone zangu za elfu tano ndo tatizo?

Earphone zako hazina kosa. Hata ukinunua za laki tano husikii. Albamu ya 1988, besi ya Jason Newsted aliyechukua nafasi ya Burton waliishusha wakati wa kuchanganya sauti mpaka ikapotea, na mashabiki wanalalamika mpaka leo.

Wewe mwafrika unahangaika na muziki wa wazungu, huna kazi?

Kazi ninayo, we ndo umeniandikia saa nane usiku. Huyo Araya niliyemtaja kazaliwa Chile, Lombardo kazaliwa Cuba, mama yake Kirk Hammett, mpiga gitaa wa Metallica, ni Mfilipino, na bendi ya Death Angel ya eneo la San Francisco walianza kama mabinamu watupu wenye asili ya Ufilipino. Sepultura wametoka Belo Horizonte, Brazil, wakatoa Beneath the Remains mwaka 1989, na kwangu hiyo inakaa meza moja na za Marekani bila kuomba kiti. Anthrax mwaka 1991 walirekodi na Public Enemy, weusi wa hip hop na metali jukwaa moja. Na hapa kwetu, bendi ya Duma ya Nairobi ilitoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala, sio thrashi, ni kali zaidi, ukiweza kumaliza nyimbo tatu uniandikie tena saa nane.

Bro bando langu limebaki kidogo sana, nishushe albamu gani?

Dakika 29.