Maswali ya Wafugaji: Vifaranga wa bata wanakalia magoti

Wiki hii bata wametawala. Maswali yaliyoingia karibu yote ni ya vifaranga wa bata na miguu yao, kuanzia Igoma mpaka visiwani huko Ukerewe, kwa hiyo wale wa mbuzi na wa kuku wa mayai mtusamehe, mtasubiri kidogo.

SWALI: Habari mtaalamu. Mi niko Igoma, nina vifaranga wa bata 14 niliwaatamishia kuku maana bata mwenyewe alikuwa anaacha mayai anaenda zake kuzurura. Walitoka wazima wote, sasa wana kama wiki tatu ila sita kati yao wanayumba, wanapiga hatua mbili tatu wanakaa, wengine miguu imepinda na kile kiungo cha katikati kimevimba. Kula wanakula, macho makali, mavi ya kawaida. Nawapa pumba za mahindi nachanganya na stata ya kuku, kile chakula cha kuanzia cha vifaranga, kidogo maana mfuko bei imepanda. Jirani anasema ni kideri, ule ugonjwa wa virusi unaomaliza kuku, nichinje wote, mwingine kasema niwapake mafuta ya taa miguuni. Nifanyeje? Mama wa Igoma.

JIBU: Mama, kwanza weka kisu chini, na hayo mafuta ya taa yarudishe kwenye kibatari, ngozi ya mguu wa kifaranga ni laini utamuunguza bure na tatizo libaki pale pale. Kideri sio. Kideri kikiingia hapo kwako anayetangulia kulala ni huyo kuku mlezi, bata anaweza kukibeba na asiumwe kabisa, sasa wewe kuku wako yupo anaparua na vifaranga wanakula na macho yako wazi, kideri gani hicho cha kistaarabu hivyo.

Tatizo lako liko kwenye chombo cha chakula. Huku kwetu bata analelewa kama kuku mwenye mdomo mpana, anachokula kifaranga wa kuku na yeye anamwagiwa hicho hicho, na hapo ndo miguu inapoharibikia. Kuna vitamini moja ya kundi la B inaitwa niasini, wengine wanaiandika B3 au nikotinamaidi. Kifaranga wa kuku anatosheka na miligramu 27 mpaka 35 hivi kwenye kila kilo ya chakula, wa bata anataka kama 55, maana mwili wa kuku unaweza kujitengenezea nyingine kutoka kwenye protini ila wa bata kwenye kazi hiyo ni mvivu sana. Alafu mahindi ndo mabaya zaidi kwenye hili, niasini imo lakini imejifunga, inapita tumboni inatoka nje bila kumsaidia. Kwa hiyo wewe ulipoipunguza stata ukaongeza pumba za mahindi ulikuwa unapunguza kilekile kinachojenga mguu, na kwa sababu bata anakua haraka kuliko kuku ule mwili unazidi uzito wakati mguu haujakomaa, ndo hapo anayumba, anakaa, mwishowe anatembelea magoti.

Leo leo nenda duka la dawa za mifugo uombe vitamini ya unga ya kuku, lakini usichukue tu pakiti yenye picha nzuri, geuza nyuma usome kama niasini au nikotinamaidi imetajwa, zipo ambazo zimejaa A na D na E na hiyo haimo kabisa. Weka kwenye maji kwa kipimo cha pakiti, badilisha kila siku. Ukipata vidonge vya nikotinamaidi peke yake, wafugaji wengi wa bata wanatumia kati ya miligramu 25 na 40 kwa lita ya maji, yani kidonge cha miligramu 50 unakisaga unakikoroga kwenye lita moja na nusu. Ikizidi kidogo mwili unaitoa, usiogope, ila usifanye mchezo wa kumwaga pakiti nzima.

Dawa ni ya kuokoa tu, chakula ndo cha kubadilisha. Na hapa watu wa ziwani tuna bahati ambayo hatuitumii. Dagaa wana niasini nzuri na protini juu, pumba laini za mpunga, zile za unga sio maganda, zina niasini nyingi kuliko za mahindi, na mashudu ya alizeti nayo yamo. Kwa hiyo stata ibaki ndo chakula chao kikuu mpaka wafike angalau wiki ya nne, juu yake uongeze dagaa wa kusaga na pumba laini za mpunga, uloweshe kidogo maana bata chakula kikavu kinamkaba. Dagaa nunua wa kukaushwa kwenye chanja. Wale wa kuanikwa chini wanaouzwa rahisi kwa ajili ya kuku, chukua kiganja kimoja ukatikise kwenye maji uone mchanga unaobaki chini, utajua pesa yako ilikuwa inanunua nini. Na wa chumvi usiguse kabisa, chumvi inaua vifaranga. Hamira ya maandazi watu wanaiulizia sana kwa sababu wamesikia hamira ya bia ni nzuri, ni kweli ile ya bia ni nzuri sana, ila ya maandazi iko hai na itachachukia ndani ya kifaranga, achana nayo. Na chakula cha kuku wa mayai pia usiwape, chokaa yake ni nyingi mno kwa mtoto.

Hao sita watenge sehemu yao, wenzao watawakanyaga na hawatafika kwenye maji. Mchana jua likiwa limepanda wawekee beseni la maji ya vuguvugu waelee dakika chache, maji yanabeba uzito wao na miguu inapiga kazi, alafu wakaushe vizuri kabla hujawarudisha, hasa hawa wako waliolelewa na kuku, hawana mafuta ya mama yao kwenye manyoya kwa hiyo wanalowana na kupigwa na baridi haraka.

Sasa cha kuangalia. Mshike mmoja mmoja, mlalie mkononi, pitisha kidole gumba taratibu nyuma ya kile kiungo kilichovimba. Kwa mzima utasikia katikati kuna kitu kigumu chembamba kinapita, hiyo ni kano, ule mshipa mweupe unaouona ukichinja. Ikiwa bado iko katikati huyo ana matumaini, wa kuyumba tu wengi wanaanza kubadilika ndani ya siku chache. Ikiwa imechomoka imehamia pembeni na mguu umegeukia nje, huyo mama nisikudanganye, vitamini haitairudisha, na kumwacha ajiburute wiki nzima ni kumtesa.

SWALI: Mambo vp. Niko Nansio, vifaranga wangu wa bata wana siku mbili tu, wawili miguu imetanuka inaenda kila mmoja upande wake, hawawezi kusimama kabisa. Nimewaweka kwenye boksi nimetandika magazeti juu ya kiroba ili iwe safi. Ni hiyo vitamini? Kijana wa Nansio.

JIBU: Hapana dogo, siku mbili ni mapema mno kulaumu chakula chako, ni hayo magazeti. Gazeti linateleza, kiroba kinateleza zaidi, na kifaranga siku za mwanzo nyonga bado ni laini, kila akijaribu kusimama miguu inafunguka mpaka inazoea huko. Toa vyote tandika gunia la katani au kitambaa kikuukuu cha taulo, siku chache za kwanza usimwage maganda ya mpunga juu maana watayala.

Kwa hao wawili kata utepe mwembamba wa bandeji inayonata au plasta, zungushia mguu mmoja juu kidogo ya unyayo, uache nafasi, alafu zungushia wa pili, miguu ikae chini ya mwili upana wa kawaida kama wenzake wanavyosimama, iwe kama kapigwa pingu ya kulegea. Usikaze, ukiona vidole vinabadilika rangi umekaza. Ataanguka anguka mwanzoni, muache, ila maji yawe ya kina kifupi asizame, na yeye usimwache bila kumwangalia. Kila siku fungua uone, kwa wa siku mbili huwa haichukui hata wiki. Ungechelewa mpaka wiki ya pili ningekuwa nakuambia mengine.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi tuko mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, upande wa Igombe, bata wetu wanajitafutia wenyewe ufukweni. Jana asubuhi nimekuta vifaranga watano na mama yao wamelala, miguu haina nguvu kabisa, mmoja shingo imelala chini kama imevunjika, jioni watatu wamekufa. Juzi walikuwa wazima kabisa wanakimbia. Na mimi niwape niasini?

JIBU: Marahaba. Wewe niasini haikuhusu na usipoteze muda nayo. Tofauti yako na Mama wa Igoma ni kasi: kilichotoka kwenye upungufu wa chakula kinakuja polepole, leo anayumba, wiki ijayo anakaa. Kilichoangusha mama na watoto usiku mmoja ni sumu au ugonjwa, na miguu kulegea kisha shingo kulala chini inanuka botulizimu. Ni sumu ya bakteria wanaozaliana kwenye mzoga unaooza pasipo hewa, na mwaloni panapotupwa utumbo na samaki walioharibika ndo nyumbani kwake. Funza wanaokula huo uozo wanaibeba sumu bila wao kudhurika, bata anakuja anawameza kwa raha zake, na wachache tu wanatosha.

Wafungie wote waliobaki leo, mbali na ufukwe, kwenye kivuli na maji safi. Pita pale walipokuwa wanashinda utafute mzoga, samaki, kuku aliyekufa, chochote chenye funza, chimbia chini sana au choma. Walio dhaifu lakini bado wanameza wape maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, shingo ukiishikilia, wakivuka siku moja mbili wengi wao hupona. Waliokufa msile, najua inauma, na mbwa wasipewe. Chukua mmoja aliyekufa karibuni, mweke kwenye mfuko, mpeleke kwa afisa mifugo wa kata au maabara ya veterinari hapo mjini Mwanza akapasuliwe, kwa sababu kuna kitu kingine kinafanana: homa ya ini ya virusi ya bata, hiyo inaua vifaranga wadogo kwa haraka sana, wanakufa wanapiga teke na kichwa kimevutwa nyuma. Kwako mama mtu naye kaanguka na hiyo huwa haiwagusi wakubwa, ndo maana naelekea kwenye sumu, lakini mwenye kisu cha kupasulia ndo atakayesema.

Na kwa wengine wote mnaowapa bata utumbo na mapanki mabichi, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu: chemsheni. Ukiacha huo uozo, kuna samaki ambao wakiwa wabichi wana kitu kinachovunja vitamini B1, kifaranga akilishwa hao tu kila siku anaanza kuangalia juu bila sababu na miguu inakwisha nguvu. Moto unakiua hicho kitu.

SWALI: Nina mahindi gunia mbili yameota ukungu, sisi hatuwezi kula, naweza kuwasagia bata? Niko Magu.

JIBU: Usithubutu. Ukungu unatengeneza sumukuvu na katika ndege wote tunaofuga kifaranga wa bata ni kati ya wanaoshindwa mapema kabisa. Dunia yenyewe iliijua sumu hii kwa sababu ya ndege, mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na vifaranga wa bata nao walikuwemo kwenye vifo vya wakati ule. Anachechemea, miguu inaweza kuwa na rangi ya zambarau, anakufa. Kuosha na kuanika tena hakuitoi, kusaga ndo kabisa unaichanganya na yale mazima. Wale wanaosema bata tumbo lake ni la chuma waulize wanafuga wangapi.

SWALI: Bata wangu wa miezi miwili anachechemea mguu mmoja tu, chini ya unyayo kuna kitu cheusi kigumu. Buhongwa.

JIBU: Kajikata kwenye changarawe au kipande cha mbao, bakteria wameingia. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, safisha, paka dawa ya vidonda, funga, na mweke pakavu mpaka pafunge. Usikamue wala kuchimba na wembe, pakiwa pamevimba sana na pana joto mwite daktari wa mifugo. Na waambie watoto hapo nyumbani waache kumkamata bata kwa mguu, anashikwa mwili mzima kwa mikono miwili.