Grafu ya wingi wa spishi kulingana na modeli isiyobagua: je, inathibitisha kwamba spishi ni sawa?

Ndugu uliyeuliza, umehesabu miti ya msitu wako, ukazipanga spishi kuanzia iliyo nyingi hadi ile yenye mti mmoja tu, grafu ikalingana na modeli isiyobagua spishi, yaani inayozichukulia zote kuwa sawa, na sasa unataka kuandika katika tasnifu kwamba spishi hizo hazitofautiani kwa jambo lolote lenye uzito. Usiandike hivyo. Mimi niliwahi kuandika sentensi kama hiyo, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini haikuwa na msingi.

Modeli yenyewe ninaithamini sana. Mwanaikolojia Stephen Hubbell, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alichukulia kwamba kila mti, uwe wa spishi yoyote, una nafasi ileile ya kufa na ya kuacha mche, na kwamba pengo la mti ulioanguka hujazwa na uzao wa mti wowote uliopo au, mara chache, na mbegu iliyotoka nje. Ninapoifundisha hutumia ungo wenye punje 100 za maharage, kunde, choroko na njugu mawe. Mwanafunzi hufumba macho akatoa punje moja, kisha hugusa nyingine bila kuangalia na kuongeza punje ya aina hiyo. Mchezo ukiendelea hivyo, hatimaye aina moja hubaki peke yake, ingawa hakuna iliyokuwa bora kuliko nyingine. Lakini ukiruhusu takriban mara moja katika kila kumi punje itoke kwenye gunia lenye aina nyingi, ungo hubaki na aina chache zilizo nyingi na nyingine za punje mojamoja, yaani umbo lilelile tunalolikuta msituni.

Tatizo ni kwamba umbo hilo lina njia nyingi za kutokea. Mwanatakwimu Fisher na wenzake walilieleza kwa hisabati mwaka 1943 wakitumia vipepeo na nondo, na mtafiti Preston akaleta maelezo mengine, yaani mgawanyo wake, mwaka 1948, bila yeyote kati yao kuhitaji dhana ya spishi zilizo sawa. Mfano ulionishawishi zaidi ni wa kiunga, yaani eneo la utafiti ambamo kila mti huhesabiwa, cha hekta 50 katika kisiwa cha Barro Colorado, Panama: mwaka 2003, katika jarida la kisayansi la Nature, mtafiti McGill alionyesha kwamba mgawanyo wa Preston unalingana na miti hiyo vizuri zaidi, na Volkov na wenzake, Hubbell akiwemo, wakaonyesha kwamba modeli isiyobagua ndiyo inayolingana zaidi. Miti ni ileile. Ushahidi unaoweza kuvutwa pande zote mbili kiasi hicho hauwezi kubeba hitimisho unalotaka kuliweka juu yake.

Hapa kwetu angalia msitu wa Ituri, Kongo, ambako kuna viunga vinne vya hekta 10 kila kimoja, viwili katika msitu mchanganyiko na viwili katika msitu uliotawaliwa na spishi moja ya mti, mbau (Gilbertiodendron dewevrei). Grafu itakuambia kwamba mbau ni mwingi, basi. Haitakuambia kwamba mbegu zake ni kubwa na huanguka karibu na mti mama, wala kwamba miche yake hustahimili kivuli kizito, na hizo ndizo tofauti ambazo modeli inakataa kuzihesabu.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni muda, yaani kuihesabu miti ileile tena baada ya miaka. Chukua spishi yenye miti 400, ambayo tangu hesabu ya kwanza imepoteza takriban miti 200 na nafasi zao zikajazwa kwa bahati tu: unatarajia idadi yake ipande au ishuke kwa miti 20 hivi. Ukikuta imepungua kwa 150, bahati peke yake haitoshi kulieleza jambo hilo. Barro Colorado, baada ya ukame mkali wa mwaka 1983, baadhi ya spishi zinazopenda unyevu zilipungua sana, na hilo lisingeonekana kamwe katika grafu ya hesabu moja.

Kwa hiyo andika kwamba data zako hazipingani na modeli hiyo, na uishie hapo. Kisha, kabla hujaondoka msituni, pigilia kila mti kibati chenye namba, upake rangi pale ulipopima shina, sentimita 130 kutoka ardhini, ili atakayerudi baada ya miaka mitano apime mahali palepale.