Maswali ya Safari: Ipe Preri Siku Yake

SWALI

Salaam kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Minneapolis na watoto wetu wawili, wa miaka 10 na 6. Shule zikifungwa mwezi Juni tunataka kwenda kwa gari mpaka hifadhi ya taifa ya Badlands na Mount Rushmore, mlima uliochongwa sura za marais, siku tano kwenda na kurudi. Wenzangu kazini wananiambia njiani hakuna cha kuona, South Dakota ni nyasi tupu, eti tuendeshe usiku watoto wakiwa wamelala. Mume wangu anawaunga mkono. Wewe unayeijua njia hiyo unasemaje?
Mama Wawili, Minneapolis

JIBU

Dada yangu, msiendeshe usiku. Mimi ni dereva wa lori, na barabara kuu ya I-90 imekuwa njia yangu ya kazi kwa miaka mingi. Naipita usiku kwa sababu mzigo una saa yake ya kufika. Nyinyi hamna mzigo. Hizo nyasi mnazoshauriwa mzipite gizani ndizo ningependa watoto wako wazione mchana kweupe, vioo vya gari vikiwa vimeshushwa.

Nikueleze kwanza kinachotokea njiani, ili nawe uwaeleze. Milima ya Rocky iko mbali magharibi, lakini inazuia sehemu kubwa ya unyevu unaotoka bahari ya Pasifiki. Kadiri unavyoisogelea, mvua inapungua na nyasi zinafupika. Upande wenu, Minnesota na mashariki mwa South Dakota, palikuwa preri, yaani nyika pana isiyo na miti, ya nyasi ndefu, na chini yake udongo mweusi wenye rutuba. Rutuba hiyo ndiyo iliyoiponza: karibu yote imelimwa, leo ni mahindi na soya hadi macho yanapoishia. Mbele kidogo nyasi ni za kimo cha kati, na mkikaribia Badlands mtaanza kuona zile fupi ambazo nyingine hazifiki hata kifundo cha mguu. Anayelala usingizi kwenye gari anaikosa hadithi hiyo yote.

Ondokeni asubuhi. Kituo cha kwanza kiwe Luverne, kabla hamjatoka Minnesota, kwenye hifadhi ya jimbo iitwayo Blue Mounds. Hapo kuna mwamba mgumu wa rangi ya waridi uliojitokeza katikati ya mashamba, na juu yake udongo ni mwembamba mno kwa jembe. Mwamba ukaiokoa preri. Kuna kundi la nyati wa Marekani lililoanzishwa mwaka 1961, na watu wengi hushangaa kukuta huko mikungu midogo ya dungusi kakati inayochanua mwanzoni mwa kiangazi. Jihadharini na kupe: suruali ndefu, soksi juu ya suruali, na jioni kagua watoto nyuma ya masikio.

Baada ya Sioux Falls wape watoto mchezo. Namba za njia za kutokea barabara kuu katika South Dakota ni maili kutoka mpaka wa Wyoming. Chamberlain ni 263, mlango wa mashariki wa Badlands ni 131. Mkubwa atoe hesabu, mdogo aangalie vibao. Chamberlain ndipo ningelala usiku wa kwanza, na hata msipolala simameni kwenye eneo la mapumziko juu ya kilima, penye sanamu ya Dignity, mwanamke wa asili ya nchi ile mwenye urefu wa mita 15, aliyesimamishwa mwaka 2016. Chini yenu ni mto Missouri. Ng'ambo ya mto vilima vinakuwa vitupu, mashamba yanapungua na malisho ya ng'ombe yanaanza. Mimi hadi leo nikivuka lile daraja nahisi kifua kinapanuka.

Jazeni mafuta Murdo au Kadoka, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna sheli. Mkishapita Murdo rudisheni saa nyuma kwa saa moja.

Sasa Badlands. Wengi huingia kwa 131, hupita barabara ya 240 wakipiga picha dirishani, hutokea Wall kwa 110, na kufikia jioni wako Rushmore wakisema wameiona. Kaeni siku mbili. Amkeni saa kumi na moja alfajiri, jua likiwa linachomoza, na tena mtoke jioni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili na nusu linapozama. Mchana wa Juni joto ni kali na mwanga unafuta rangi zote za miamba. Asubuhi mtaona michirizi ya manjano na myekundu. Hiyo ni udongo wa kale, mmoja juu ya mwingine, na maji yanaumomonyoa karibu inchi moja kila mwaka. Kwenye miamba hiyo kuna masalia ya wanyama waliotoweka. Mwaka 2010 msichana wa miaka 7 aliliona fuvu la mnyama aliyefanana na paka, mwenye meno marefu kama majambia, karibu na kituo cha wageni, akatoa taarifa kwa wahifadhi. Msimulie mwanao huyo wa miaka 6 kisa hicho, kisha mwambie sharti: ukiona mfupa, usiuguse, usiuokote, uoneshe watu wa hifadhi.

Siku ya pili acheni lami. Karibu na lango la Pinnacles inaanza Sage Creek Rim Road, barabara ya changarawe, na hapo ndipo nyasi zinapochukua nafasi. Utaona nyati, utaona mbwa wa preri, wale wanyama wadogo wa jamii ya kindi wanaosimama kwa miguu miwili kwenye midomo ya mashimo yao wakipigiana kelele. Watoto watataka kuwarushia biskuti. Kataza kabisa, chakula chetu kinawadhuru, na viroboto wao huweza kubeba tauni. Simamisheni gari mahali salama, zimeni injini, mtembee hatua kadhaa mahali penye nyasi fupi mnapoona mnakokanyaga, kwa sababu kuna nyoka wenye njuga mkiani. Kisha kaeni kimya. Kuna ndege mwenye kifua cha manjano chenye alama nyeusi, anaimba juu ya nguzo za uzio kwa sauti inayozidi umbo lake mara kumi. Upepo ukipita, kilima kizima kinabadilika rangi. Mtoto akiona hilo mara moja hatasema tena kwamba nyasi ni tupu.

Mkitoka, ingieni kituo cha wageni cha nyika za taifa kilichopo mji wa Wall. Karibu watu wote humiminika kwenye maduka na kukiruka. Hapo mtajifunza kwamba ardhi inayoizunguka Badlands, Buffalo Gap National Grassland, si sehemu ya hifadhi. Iko chini ya Idara ya Misitu, na ni mojawapo ya nyika 20 za namna hiyo nchini. Chanzo chake ni msiba. Walowezi walipewa ekari 160 kila mmoja kwa sheria ya mwaka 1862, wakageuza nyasi kwa plau mahali ambapo mvua haitoshi kilimo. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja, udongo usio na mizizi ya kuushika ulipeperuka. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku kwenye majimbo ya kusini mwa tambarare hizo. Serikali ikanunua mashamba yaliyoshindwa, nyasi zikarudishwa, na mwaka 1960 yakaitwa rasmi nyika za taifa. Kwa hiyo mtakapoyaangalia majani yale kutoka barabarani, sehemu mnayoiona ni kidonda kilichopona.

Kuhusu nyati, nisikilize vizuri. Dume hufika kilo 900 na hukimbia kilomita 56 kwa saa. Mwezi Juni majike wana ndama, na ndama wale wa rangi ya machungwa huwavuta watoto sana. Nyosha mkono, inua kidole gumba mbele ya jicho moja. Kama kidole hakimfuniki mnyama mzima, umekaribia mno, rudi. Akiinua mkia, usisubiri maelezo. Wanyama hawa walikuwa mamilioni kwa mamilioni, wakauawa hadi mwishoni mwa miaka ya 1880 wakabaki chini ya elfu moja nchi nzima. Badlands walirudishwa mwaka 1963. Wapeni nafasi yao.

Na mvua. Juni ina dhoruba za mchana zenye radi na mvua ya mawe. Mkiona wingu jeusi magharibi, shukeni kutoka kwenye kingo za miamba na muingie garini. Barabara ya changarawe ikilowa, na hasa njia za udongo za Buffalo Gap, tope lake linaganda kwenye magurudumu mpaka yanagoma kuzunguka. Subirini zikauke.

Milima ya Black Hills mtaipenda, sina haja ya kuwasukuma. Lakini mkifika Rushmore, iliyochongwa kati ya 1927 na 1941, waambieni watoto kwamba milima ile iliahidiwa Walakota, wenyeji wa asili wa huko, kwa mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868, ikachukuliwa baada ya dhahabu kuonekana. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua walipwe fidia. Walakota wameikataa pesa hiyo hadi leo, wanataka ardhi. Watoto wa miaka 10 wanaelewa haki vizuri kuliko tunavyodhani.

Jambo la mwisho kwako: huyo mkubwa, kama mwaka huu wa masomo yuko darasa la nne, ana haki ya kibali cha bure kiitwacho Every Kid Outdoors. Kinaingiza gari lenu lote kwenye hifadhi za taifa mpaka tarehe 31 Agosti. Kipateni kabla hamjaondoka nyumbani. Badlands bila kibali ni dola 30 kwa gari kwa siku saba. Rushmore haina kiingilio, ila ada ya maegesho mtalipa, na hakuna kibali kinachoifuta.

SWALI

Kaka, mimi niko Kansas City kwa masomo. Aprili iliyopita nilipita Flint Hills na rafiki yangu, tukakuta vilima vinawaka moto na wafugaji wamesimama tu wanatazama. Nilihuzunika. Kwa nini wanaruhusiwa kuchoma nyika nzuri namna ile?
Mwanafunzi, Kansas City

JIBU

Mdogo wangu, huzuni yako naielewa, ila hao waliosimama hawakuwa wakitazama tu. Walikuwa wanaulinda moto usivuke mpaka wake, na bila moto ule usingekuta nyika. Uhai wa nyasi za preri uko chini. Mizizi ya baadhi yake hushuka zaidi ya mita mbili, na mahali jani linapochipukia pamefichwa ardhini. Miti haina kinga hiyo. Mierezi myekundu ikiachwa miaka michache bila kuchomwa inageuza malisho kuwa kichaka. Watu wa Kansa na Osage walichoma kabla ya wafugaji wa leo, na radi ilichoma kabla yao wote. Ungerudi baada ya wiki mbili ungekuta vilima vile vile vya kijani kibichi.

Na vimebaki kwa sababu ya mawe. Chini ya udongo mwembamba kuna chokaa na jiwe gumu la gumegume, plau zikashindwa. Preri ya nyasi ndefu ilikuwa na ekari zipatazo milioni 170 Amerika ya Kaskazini. Imebaki chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa ya hiyo ni hapo kwenu.

Rudi mwishoni mwa Septemba. Nenda Tallgrass Prairie National Preserve, karibu na Strong City, ambayo haina kiingilio, ukaingie kwa miguu ndani ya majani yaliyokuzidi kimo, yakiwa na rangi ya shaba. Nyati wa hapo waliletwa mwaka 2009 kutoka Wind Cave, South Dakota. Njia inapita ndani ya malisho yao, kwa hiyo ule ushauri wa kidole gumba niliompa Mama Wawili unakuhusu nawe. Kisha fuata barabara ya 177 taratibu kuelekea Cassoday. Na ukikuta moshi mwezi Aprili, washa taa, punguza mwendo, usisimame barabarani kupiga picha.

SWALI

Kijana wangu, nina miaka 71 na magoti hayanisaidii tena. Mwanangu ameahidi kunipeleka Badlands na Custer. Je, kuna ninachoweza kuona bila kupanda vilima?
Mstaafu, Sioux Falls

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Utaona mengi. Badlands kuna njia za mbao zilizo tambarare: Fossil Exhibit Trail na Window Trail, zote fupi, na hata kiti cha magurudumu kinapita. Usikubali wakupeleke Notch Trail, ile ina ngazi ya magogo.

Custer State Park ndiyo itakayokufurahisha zaidi. Wildlife Loop Road ina maili 18, na nyati, swala wa kule na punda huonekana ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Nendeni alfajiri. Kundi likivuka barabara, mwanao asipige honi, asijipenyeze katikati. Azime injini asubiri. Needles Highway pia ni nzuri, ila kama gari ni pana apime kwanza, kwa sababu handaki moja la barabara hiyo lina upana wa futi 8 tu.

Kama wewe ni raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, umri wako unakupa kibali cha maisha cha hifadhi za taifa kwa dola 80, na mwanao ataingia nawe kwenye gari. Custer ni ya jimbo, hivyo huko mtalipa kando. Mkienda mwishoni mwa Septemba mtakuta siku ya kuswaga nyati wote wa hifadhi, zaidi ya elfu moja, na watu hufurika. Nyumba za kulala huko hujaa mapema sana, mwambie aweke nafasi tangu sasa.