Kuacha Mashine ya Petroli na Kukata Nyasi kwa Stima: Ushauri kwa Mwenye Ploti Ndogo Nakuru

Kama una ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Nakuru na bado unavutana na kamba ya mashine ya petroli kila Jumamosi, soma hadi mwisho. Mimi nilihamia mashine ya stima, ile ya waya, si ya betri, na sijaona sababu ya kurudi. Wapo nisiowashauri wanifuate, nitawafikia.

Wengi hudhani nilichoka kelele na moshi. Kilichonichosha hasa ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Injini ikikosa hewa ya kutosha hupoteza nguvu, na kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli kuliko inavyoweza kuungua. Spaki plagi inatoka nyeusi kwa masizi, mashine inakohoa, nawe unampigia fundi simu. Ikikaa msimu mzima wa kiangazi bila kuwashwa, petroli iliyobaki ndani inageuka utomvu na kuziba vitundu. Mota ya stima haina habari na mwinuko wala kiangazi. Unachomeka, unabonyeza, unakata.

Gharama nayo haina kisirani. Mashine ya wati 1,600 ikifanya kazi nusu saa hula chini ya uniti moja ya tokeni, hata ukiibana muda wote. Sina tena haja ya kusubiri tarehe 14 ya mwezi nisikie EPRA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, wametangaza petroli shilingi ngapi.

Sasa tuje kwenye waya, maana hapo ndipo penye kazi. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu isikaribie mashine hii. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu ya stima njiani. Mota inazunguka kwa unyonge, inapata joto, na mwishowe inaungua. Dukani sema unataka waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, wa kutumika nje, na usione haya kukagua maandishi yaliyo kwenye ganda lake. Ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote kabla ya kuwasha, hata kama unahitaji nusu tu. Ukibaki umejikunja huku ukibeba mzigo, joto halina pa kutokea, na plastiki inaweza kuyeyuka.

Nyumba nyingi za huku hazina soketi ya nje, kwa hiyo waya hupitia dirishani. Sawa, mradi dirisha lisiubane. Pale kwenye soketi weka kile kifaa cha kinga kinachokata stima chenyewe mkondo ukivuja, cha miliamperi 30. Kukinunua ni lazima. Kisu kikigusa waya bila kinga hiyo, unaweza kulipa kwa uhai.

Kukata kwenyewe kuna mwendo wake. Anzia karibu na soketi, upande wa nyumba, kisha sogea mbali nayo mstari kwa mstari, sambamba na ukuta. Hivyo waya hulala daima upande uliokwisha kukatwa. Ukianzia kwenye michongoma ukirudi nyumbani, utakuwa unaufuata waya kwa kisu. Mimi huupitisha begani pia, nao huniambia mapema ukikwama mahali.

Nyasi zetu za Kikuyu ni ngumu. Baada ya mvua za Machi hadi Mei zinajisokota kama godoro, na mota ndogo itazimwa nazo. Inua kisu juu, pita mara ya kwanza, kishushe, pita tena. Usikate asubuhi na umande. Subiri saa nne au saa tano, umalize kabla ya mvua ya alasiri. Na asiwepo mtu anayeoga kwa shawa ya umeme wakati huo, mashine italegea.

Mwenye nusu ekari abaki na petroli, nyaya hazitamfikisha. Vivyo hivyo kijana anayezunguka Kiamunyi au Lanet akikatia watu nyasi: hawezi kutegemea soketi na tokeni za mteja. Yangu ya zamani nilimuuzia kijana wa aina hiyo.

Je, stima ikipotea katikati ya kazi? Achilia kile kishikio cha kuwashia, uchomoe plagi ukutani, ndipo uende zako. Kuna watu hukifunga kishikio kwa mpira wa tyubu ili mkono usichoke. Kikiwa kimefungwa hivyo, stima ikirudi kisu kitaanza kuzunguka chenyewe, na pengine wakati huo mtoto ameinama kukikagua.