Maswali ya Wasomaji: Profaili Mbili za Alumini Zifanye Kazi ya Mhimili Mmoja

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaam alaikum. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Mkoani, Pemba. Nimejitengenezea fremu ya kunyanyulia mashine kwa profaili za alumini, yaani vyuma virefu vya alumini vyenye mifereji ubavuni, za milimita 40 kwa 40, nilizoagizia Dar es Salaam. Nguzo zake sina tatizo nazo. Mhimili wa juu, wenye urefu wa mita 3, ndio ulionitia wasiwasi tangu mwanzo, kwa hivyo nililaza profaili mbili ubavu kwa ubavu nikazifunga kwa vibamba vitatu vya chuma, kimoja kila ncha na kimoja katikati, na kila kibamba kina bolti moja kwa kila profaili. Nilipotundika mashine ya kilo 100 hivi, mhimili ulifanya tumbo, yaani ulibonyea katikati, kwa zaidi ya sentimita 4. Mmoja amenishauri niongeze profaili ya tatu ubavuni, mwengine ananiambia ninunue alumini ngumu zaidi, na wa tatu anasema nizichomelee. Nifuate lipi?
Fundi wa mashine, Mkoani

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu fundi. Usifuate hata moja kati ya hayo matatu, angalau kwa sasa, kwa sababu profaili ulizonazo zinatosha kazi yako. Kilichokosewa ni namna zilivyolazwa na namna zilivyofungwa.

Aliyewahi kulala chali katika chumba cha nyumba kongwe ya Mji Mkongwe akazihesabu boriti za dari anaujua mpangilio wako. Boriti za mikoko zimelazwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kila moja inabeba sehemu yake ya sakafu bila ya kuisaidia jirani yake isipokuwa kwa kugawana mzigo. Ukiongeza boriti ya pili mzigo wa kila moja unakuwa nusu, ukiongeza ya tatu unakuwa theluthi, na hapo ndipo faida inapokomea. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo: upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, na hakuna aliyeweza kuupanua kwa kuzisogeza boriti karibu karibu. Profaili mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu hupinda kama boriti mbili hata ukizigandisha kwa gundi bora kuliko zote duniani, kwa kuwa mzigo unavuta kwenda chini na kimo cha mhimili kimebaki kuwa sentimita 4. Profaili ya tatu ingekupunguzia tumbo kutoka sentimita 4 na nusu hadi 3, na mashine ingeendelea kuning'inia juu ya upinde.

Zipandanishe, moja juu ya nyingine. Hesabu yake si ngumu, nami nitaiandika ili uweze kuirudia kwa takwimu za karatasi ya muuzaji wako, kwani kila kiwanda kina umbo lake. Tuseme profaili moja ina eneo la alumini la sentimita 6 za mraba, na ile namba inayoonyesha namna umbo lake linavyokataa kupinda, ambayo katika karatasi hizo huandikwa kwa herufi I, ni 9 kwa kipimo cha sm⁴. Mbili zilizo ubavu kwa ubavu zina 18. Zikipandanishwa na kushikana barabara, kitovu cha kila moja kinakuwa sentimita 2 kutoka kwenye mshono, yaani pale zinapogusana, na hapo tunaongeza eneo likizidishwa kwa 2 mara mbili, yaani 24, juu ya ile 9. Tunapata 33 kwa kila profaili, na 66 kwa zote mbili. Kwa mzigo wa kilo 100 katikati ya mita 3, ile 18 inatoa tumbo la milimita 45 hivi, ambalo ndilo uliloliona kwa macho yako, na 66 inatoa milimita 12. Alumini ni ile ile na uzito ni ule ule.

Lakini nimesema zikishikana barabara, na hapa ndipo mafundi wengi wanapojikwaa. Profaili mbili zilizopandanishwa bila ya kushikana hurudi kwenye 18, kwa sababu zinapopinda, uso wa chini wa ile ya juu hurefuka na uso wa juu wa ile ya chini hufupika, na nyuso hizo mbili huteleza moja juu ya nyingine. Chukua fito mbili nyembamba, zipandanishe juu ya viti viwili, kisha chora kwa penseli mistari inayokata ubavu wa zote mbili, mmoja katikati na mmoja karibu na kila ncha. Bonyeza katikati kwa kiganja. Mstari wa katikati utabaki mzima, na ile ya nchani itakatika, nusu ya juu ikisogea upande mmoja na nusu ya chini upande mwingine. Fundi anayeona mhimili wake umebonyea katikati hukimbilia kuongeza bolti katikati, nazo hapo hazina la kuzuia.

Vile vibamba vyako navyo vina kasoro yao. Kibamba kifupi chenye bolti moja tu katika kila profaili hujigeuza kama bawaba: profaili zikitaka kuteleza, kibamba huinama kidogo na kuziachia. Hata ungeweka kumi vya namna hiyo, kuteleza kwa nyuso kungepungua kidogo tu.

Ninachopendekeza ni mabamba mawili marefu ya alumini, yenye upana wa sentimita 8 na unene wa milimita 5, moja kila ubavu, yakienda urefu wote wa mhimili na kufungwa kwa bolti za M8 (zenye kipenyo cha milimita 8) kwenye nati zinazoingia ndani ya mifereji, safu moja katika profaili ya juu na safu moja katika ya chini. Bamba refu lililoshikwa kila mahali haliwezi kujigeuza. Nafasi kati ya bolti iwe sentimita 15 katikati ya mhimili, na sentimita 10 katika nusu mita ya kila ncha, kwa sababu ukiisogeza winchi ya mnyororo kuelekea nguzo moja, nguvu ya kutelezesha upande huo inakaribia mara mbili ya ile ya mzigo ulio katikati. Mzigo wako ukiwa katikati, kila sentimita ya mshono inataka kuteleza kwa nguvu ya kilo 9 hivi. Bolti ya M8 iliyokazwa kwa niutoni-mita 10 (kipimo cha nguvu ya kukazia) hubana kwa takriban kilo 600, na msuguano wa alumini kwa alumini, tukiukadiria kuwa moja ya tano, huzuia kilo 120. Kwa kuwa una mabamba pande zote mbili, akiba ipo. Utahitaji zaidi ya bolti 90, na najua utaguna ukilisoma hilo. Kama ungeniuliza kabla ya kununua, ningekwambia ununue profaili ya milimita 40 kwa 80 iliyotoka kiwandani ikiwa kipande kimoja, ambayo haina mshono wa kuteleza wala bolti za kukesha nazo.

Nyuso zinazogusana uzifute kwa spiriti hadi zikauke, kwa kuwa kazi yote inategemea msuguano, na tone la oili ya mashine, ambayo bila shaka imetapakaa katika karakana yako, linaweza kuipoteza. Grisi weka kwenye nyuzi za bolti peke yake, hasa kama bolti na nati zote ni za stenlesi, kwani zikikazwa kavu huumana zisifunguke tena.

Sasa nirudi kwa washauri wako. Alumini ngumu zaidi hustahimili mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja, lakini haipunguzi tumbo. Aina ya 6063 na aina ya 6061 zote zina ukakamavu wa gigapaskali 70 hivi, theluthi ya chuma, na tofauti ya bei haibadilishi namba hiyo. Kuchomelea nako kunaharibu kile ulicholipia, kwa sababu profaili hizi hupata nguvu zake kwa kupikwa kiwandani kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea huilegeza alumini iliyo karibu na mshono hadi ikapoteza karibu nusu ya nguvu zake.

Na tafadhali usitundike winchi kwenye nati ya mfereji wa chini. Hapo mashine nzima ingeshikwa na midomo miwili myembamba ya mfereji. Zungusha mkanda wa kunyanyulia juu ya mhimili wote. Kabla ya kupandisha mashine ya mteja, tundika mifuko miwili ya saruji ya kilo 50, kiganja kimoja tu juu ya ardhi, ukiwa umeichora ile mistari ya penseli kwa kupitisha kutoka kwenye bamba hadi kwenye kila profaili. Tumbo lisizidi milimita 12, na huenda likawa dogo zaidi kwa sababu mabamba yaliyosimama kwa ukingo nayo yanabeba. Mstari ukikatika popote, kaza bolti za mahali hapo na upime upya.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wakulima wa mwani hapa Jambiani. Tulitengenezewa meza za kukaushia kwa profaili za alumini zilizofungwa mbili mbili kwa bolti za stenlesi. Bolti zinang'aa, lakini kwenye mshono kunatoka unga mweupe na alumini imeanza kuwa na vishimo. Tuliambiwa alumini haishiki kutu.
Katibu wa kikundi, Jambiani

JIBU: Bi Katibu, alumini haishiki kutu nyekundu, lakini chumvi huila, na huo unga mweupe ndiyo mabaki yake. Maji ya mwani huingia kwenye mshono mwembamba yasipate upepo wa kuyakausha, na penye stenlesi na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi hutokea kitu mfano wa betri ambacho ndani yake alumini ndiyo inayolika. Ndiyo maana bolti zenu zinang'aa.

Kwa meza yenu dawa ni kuzitenganisha. Meza ya kukaushia haibebi mashine ya boti, na profaili zake hazina haja ya kugandana. Zifungueni, mzisugue kwa brashi ya nailoni na maji ya bomba (si kwa waya wa chuma, kwani chembe zake hubaki ndani ya alumini), kisha mzirudishe mkiwa mmetia vipande vya plastiki vya unene wa sentimita 1 kati yao ili upepo upite. Chini ya vichwa vya bolti wekeni washa za nailoni. Kwa mhimili wa fundi wa Mkoani nisingeruhusu washa hizo, kwa sababu nailoni hulegea taratibu ikibanwa na bolti hupoteza mkazo, lakini kwenu zinafaa. Mkinunua bolti mpya, tafuteni zenye alama ya A4 kichwani, yaani stenlesi inayostahimili chumvi zaidi, badala ya A2, na kila baada ya msimu mwagieni mshono maji ya bomba ya kutosha.

SWALI: Naweza kuunganisha profaili za madirisha ubavu kwa ubavu kwa riveti nikapata nguzo za kibanda?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Kwa kugawa vioo vya dirisha pana, ndiyo, na mafundi hufanya hivyo kila siku. Kwa nguzo za kibanda, hapana. Kuta za profaili hizo ni nyembamba, mara nyingi kati ya milimita 1 na 2, na tundu la riveti hupanuka kidogo kila upepo unapokitikisa kibanda, hadi siku moja utazikuta riveti zinacheza kwa kidole. Tumia bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 3, na profaili za madirisha uzibakishe kwa fremu za kuzibia.