Tembea kwanza: kwa wanaoanza kukimbia njia za porini huku kusini

Mara ya kwanza nilipojaribu kuupanda kwa mbio ukingo wa Newala, ule mteremko mkali wa uwanda wa Makonde huku Mtwara, nilipitwa na bibi mwenye ndoo ya maji kichwani. Sitanii. Nilikuwa nimeinama, mikono magotini, natafuta pumzi, yeye akapita pembeni hatua kwa hatua, ndoo haitikisiki. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Unakimbizwa na nani?"

Nikakosa jibu. Akaendelea zake, nami nikajikokota nyuma yake kwa mwendo wake, mpaka juu. Huo ndio ukawa mwendo wangu wa kupandia tangu siku hiyo.

Nawaandikia ninyi mliozoea matembezi ya Jumamosi, watu wa haikingi, ambao sasa mmenunua raba mpya na mnataka kuzikimbia njia zilezile mlizokuwa mkizitembea. Wengi mnadhani ni kuongeza mwendo tu. Nilidhani hivyo pia, na goti langu la kushoto lina kovu la kunikumbusha.

Anayetembea daima ana mguu mmoja chini. Anayekimbia kuna kitambo miguu yote miwili iko hewani, kisha mwili mzima unatua juu ya mguu mmoja kwa nguvu inayofika mara mbili, hata tatu, ya uzito wako. Kwenye lami ya Mtwara mjini mguu unajua utatua wapi. Huku unatua juu ya mzizi wa mkorosho uliofunikwa na majani makavu, au mchanga unaozama, au kile kisiki kifupi kilichokatwa kwa panga mshazari kikabaki na ncha kama mkuki. Hicho cha mwisho nakihofia kuliko nyoka.

Ndiyo maana macho ya mkimbiaji hayana uhuru wa macho ya mtembeaji. Ukitembea mpaka Shimo la Mungu, pale ukingoni Newala, unaweza kutazama bonde lote la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo huku miguu ikijiendea yenyewe. Ukikimbia, unatazama hatua tatu nne mbele, basi. Siku niliyopata hilo kovu nilikuwa nakimbia huku nimegeuza shingo kutazama mawingu yaliyolala bondeni. Nilianguka kwa viganja na goti, simu ikaruka kwenye nyasi, na nikabaki nimekaa chini nachomoa changarawe mkononi kwa mwiba. Ukitaka kutazama, simama. Hakuna anayekupigia hesabu ya dakika.

Sasa kupanda. Wageni wengi wanaona aibu kutembea wakiwa wamevaa bukta ya mbio. Achaneni na aibu hiyo. Kwenye mwinuko mkali, kutembea kunakula nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa kasi ileile, na hata wale wanaoongoza mashindano makubwa ya kuzunguka Mont Blanc huko Ulaya, kilomita 170 na ushei, hutembea milima inapokaza. Fupisha hatua, kanyaga kwa unyayo wote, sukuma mapaja kwa viganja ikibidi. Kipimo changu ni mdomo: nikishindwa kusema sentensi moja nzima bila kukatika, natembea.

Ipo kanuni ya zamani ya watembeaji, ya Mskochi William Naismith, ya 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Itumieni hata kama mnakimbia. Mgeni akiniambia kilomita kumi na mbili atazimaliza kwa saa moja kwa kuwa ndivyo anavyofanya barabarani, naongeza chupa ya pili kwenye begi langu, maana najua nitamnywesha.

Kushuka ndiko kunakovunja watu, na hapa naomba mnivumilie nirefushe kidogo. Unapopanda, moyo na mapafu ndiyo yanayolalamika, na ukisimama dakika mbili yanatulia. Unaposhuka pumzi huisikii kabisa, unajiona umekuwa paa. Lakini misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, inakaza huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo huwa inaichana chanachana ndani kwa ndani. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake, na kilele chake mara nyingi ni siku ya pili. Mwenzangu mmoja alishuka ukingo wote kwa furaha Jumamosi; Jumatatu alikuwa anashuka ngazi za ofisini kinyumenyume, na choo cha kuchuchumaa kikawa mtihani ambao hakutaka kuusimulia.

Dawa yake ni dozi ndogo. Mwili ukishaonjeshwa mteremko mara moja, mara ya pili hauumi kama mara ya kwanza, unajifunza haraka. Kwa hiyo wiki za mwanzo panda kwa kutembea, shuka kwa kutembea, kimbia sehemu za tambarare peke yake. Kisha anza kukimbia robo ya mwisho ya mteremko, siyo robo ya kwanza, ili ukikosea uwe karibu na chini. Hatua ziwe fupi na nyingi, kama mtu anayevuka mchanga wa moto peku. Magoti yalegee. Mwili usiegemee nyuma, kwa sababu ukiegemea nyuma kisigino ndicho kinachotangulia, na kisigino kwenye changarawe ni sabuni. Mikono iache ining'inie pembeni hovyo hovyo. Inachekesha lakini inakusawazisha.

Maji. Uwanda wa Makonde haushiki maji juu. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na chemchemi zinatokea chini kwenye kingo. Bibi zetu wameteremka na kupanda kwa sababu hiyo vizazi na vizazi. Kwa hiyo ile tabia ya kusema nitajaza njiani, huku juu hakuna. Mtembeaji anabeba lita tatu mgongoni na hajali. Mkimbiaji anataka kwenda mwepesi na chupa moja mkononi, wakati huohuo jasho lake kwenye joto laweza kufika lita nzima kwa saa. Mimi hubeba lita moja na nusu kwenye begi dogo la kubana mgongo, na njia nazipanga zipite kwenye kijiji chenye duka. Ukitoka zaidi ya saa mbili, tia chumvi kidogo au pakiti ya ORS, na usijishindilie maji matupu kwa hofu. Yakizidi nayo yanaangusha mtu. Chakula cha njiani msihangaike na vya kuagizwa. Korosho zenye chumvi, kashata, kiazi cha kuchemsha.

Mzigo ndipo mtembeaji anapomshinda mkimbiaji moja kwa moja. Yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, ambaye wabunge wetu huulizia atarudishwa lini kutoka Berlin, mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na kufikishwa bandari ya Lindi vichwani mwa wapagazi, mwendo wa siku kama nne kwa miguu. Kwa mbio usingefika hata mfupa mmoja. Mkitaka kulala Rondo msituni, kubeba sufuria, kupiga picha ndege, nendeni kwa kutembea na msijidanganye.

Kuhusu msimu, Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri, ubaridi upo na mvua imeshakata. Ila ndiyo miezi ya salfa. Wakulima wanapulizia unga wake kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na wanafanya hivyo alfajiri upepo ukiwa umelala na majani yana umande, yaani saa ileile uliyochagua wewe kukimbia. Utasikia mashine inanguruma kabla hujaliona lile wingu la njano. Geuka, tafuta njia nyingine. Mimi niliwahi kujifanya nitapita haraka. Macho yaliwaka mpaka saa nne. Oktoba na kuendelea mashamba yamefagiliwa safi chini ya miti na kukimbia ni raha tupu, lakini hapo watu wanaokota korosho zao, na mtu anayekatiza shamba kwa mbio kipindi cha mavuno hana maelezo yatakayoaminika haraka. Pita njia ya wote. Punguza mwendo ukiona watu, amkia, shikamoo kwa wakubwa, sema umetoka wapi na unaelekea wapi. Mtembeaji anaamkia bila kufikiri. Mkimbiaji inabidi ajifunze upya. Na hao uliowaamkia ndio watakaokutafuta ukichelewa.

Mimea na wanyama wa porini sitawasema sana. Upupu unapokauka, suruali nyepesi ndefu ni bora kuliko bukta. Nyoka aitwaye kifutu hakimbii akisikia vishindo, analala palepale akitegemea rangi yake, kwa hiyo usiruke gogo bila kuona upande wa pili. Likanyage juu kwanza, tazama, ndipo ushuke. Upande wa Liwale na kwingine kunakopita tembo na simba, msikimbie kabisa. Hata kutembea, nendeni na mwenyeji.

Raba zinatosha za mtumba, mradi soli iwe na meno na mbele ibaki nafasi ya unene wa kidole gumba. Unaposhuka mguu unasogea mbele, na raba inayobana inaua kucha; wa kwangu ulikuwa mweusi miezi minne. Kwenye miamba ya Masasi meno hayo hayasaidii kitu kukiwa kumelowa. Jiwe kavu linashika kama msasa, likipata manyunyu ule utando mweusi unakuwa bamia. Hapo hata mimi natembea, wakati mwingine kwa makalio.

Kwa mwezi wa kwanza chagua njia moja tu, kilomita tano au sita, karibu na nyumbani. Itembee mara mbili, mara moja kwa kila upande, maana visiki unavyoviona ukienda huvioni ukirudi. Weka alama kichwani: hapa mzizi, hapa mchanga, hapa mbwa wa mzee fulani. Mara ya tatu kimbia pale ulipoona kutembea ni taratibu mno. Kama unaishi Mtwara mjini na huna mlima, kipande cha kilima nyuma ya Mikindani kinatosha kabisa, ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili uwe umeshakaa kivulini. Leta soksi za akiba na hela ya bodaboda, elfu tano mfukoni, isiyo ya simu. Nilishatembea kilomita tisa na raba iliyopasuka kwa sababu salio lilikuwepo na mtandao haukuwepo.