Msiwaite Vijana Kuja Kuupongeza Mchoro

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia. Mtaa wao umefanikiwa kuokoa eneo la wazi lililokuwa linanyemelewa na wajenga fremu za maduka. Sasa wanataka bustani, na mwenyekiti amesema "vijana washirikishwe". Akaniuliza, kaka, tunawashirikishaje? Nimemjibu kwa kirefu, kisha nikaona niyaweke na hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyohiyo ya kuwa na mahali mtaani pa kukaa bila kulazimika kununua kitu.

Jibu langu la kwanza: waite mapema. Mapema kabisa, kabla hakujachorwa kitu.

Huku kwetu Dar, kwenye bustani ya mtaa wetu, mchoro ulitangulia, watu wakafuata. Ulipendeza kweli ukutani: chemchemi katikati, miashoki imejipanga mistari miwili kama askari wa gwaride, na kibao cha "usikanyage majani" kimeshachorwa kabla ya majani yenyewe kupandwa. Vijana wakaitwa Jumanne saa nne asubuhi, wakati wanaosoma wako darasani na wenye vibarua wako vibaruani. Waliofika walisaini karatasi ya mahudhurio, wakanywa soda, wakaombwa maoni. Karibu wote walikuwa wanaume wazima. Sera yetu ya taifa ya vijana inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, kwa hiyo baba wa watoto wawili mwenye miaka 34 akiingia ukumbini, kwenye fomu vijana wameshashirikishwa. Binti wa kidato cha pili atasemea wapi? Hata mkutano wa mtaa ni wa waliotimiza miaka 18.

Nikasema hapana, tukutane saa kumi jioni, Jumamosi, kwenye eneo lenyewe, na mchoro ubaki ofisini. Wapo walioniona nina kiherehere, na mpaka leo wanaendelea kuniona hivyo. Sawa tu.

Tulikwenda na kamba na mfuko wa chokaa. Kila aliyetaka kitu alikichora chini kwa ukubwa wake halisi, akasimama ndani yake. Watoto wanaocheza chandimu pale walituonyesha papo hapo kwamba bembea za kwenye mchoro zimewekwa panapotuama maji kila masika. Mtaalamu alikuja kupima wakati wa kiangazi, angejuaje? Halafu miashoki ikaanguka kwa kicheko: ni mirefu na myembamba, kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja na kiti chake. Wakataka mikungu na miarobaini.

Wasichana walikuwa kimya. Wavulana walishachora kiwanja cha mpira katikati, kimemeza karibu eneo zima, na hakuna aliyebisha. Ndipo dada mmoja anayefundisha shule ya jirani akawachukua wasichana pembeni, wakazunguka eneo lote peke yao. Waliporudi walikuwa na mengi. Njia ya kutoka kituo cha daladala haina taa. Mabenchi yatazamane, yaonekane kutoka barabarani, lakini yasiwe mbele ya kijiwe cha bodaboda. Choo kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Na kiwanja kikibaki katikati, akasema mdogo wao kuliko wote, sisi tutakuwa tunapita pembeni kama wageni. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, ukaenda mpaka magharibi. Mwisho kiwanja kilipunguzwa, kikasogezwa ukutani, njia ikapita katikati.

Baadaye nikasoma habari za jiji la Vienna, Austria. Miaka ya 1990 waligundua kwamba wasichana wakishapita miaka tisa hivi wanatoweka bustanini, wavulana wanabaki. Mwaka 1999 wakaanza kuzibadilisha bustani mbili za wilaya ya Margareten: wakaongeza njia na viwanja vya voliboli na badminton, wakaigawa nafasi kubwa katika sehemu ndogondogo, wasichana wakarudi. Yule mdogo wetu hajawahi kuisikia Vienna. Sitaficha, nilijisikia fahari kubwa.

Wenye vifaa wana njia zao. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wakishirikiana na kampuni ya Mojang wanatumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft tangu mwaka 2012, vijana wanajenga eneo lao kwenye kioo kwanza, na Kibera, Nairobi, ni kati ya sehemu za mwanzo kabisa walikojaribu. Ni jambo zuri. Lakini asiwadanganye mtu kwamba bila kompyuta hamuwezi. Chokaa inatosha. Na waiteni mapema, narudia.

Jambo jingine, vijana wawepo fedha zinapojadiliwa. Kwenye rangi za mabenchi wanaalikwa. Bei zikianza kutajwa wanaambiwa asanteni, tutawaita. Sisi tulipolilia makadirio ya gharama ndipo tukaona chemchemi ilivyokuwa imekula fedha za taa. Chemchemi ikafutwa, na kuna mtu hajanisamehe. Siku ya uzinduzi walisomwa wafadhili, wadau, mtaalamu na mchoro wake, kisha "na vijana". Wenyewe walikuwa wamesimama nyuma ya utepe, juani, wageni wako chini ya hema. Liliniuma, na bado linaniuma. Ndugu zangu mnaoshika maikrofoni, majina ya watoto yanasomeka vilevile. Yaandikeni.

Na msidhani uzinduzi ndio mwisho. Kubalianeni mapema nani anamwagilia miti kiangazi na nani anashika ufunguo wa choo, tena kwa maandishi. Huku kwetu ufunguo uko kwa mlinzi, na mlinzi anaondoka saa kumi na mbili jioni, saa ambayo watu ndio kwanza wanaanza kuja. Wasichana wameshaandika barua ya pili kuhusu hilo. Ya kwanza haijajibiwa.